Leseni Chache, Ofisi Nyingi: Namna ya Kufundisha Matumizi ya Pamoja ya Programu za Kompyuta

Utangulizi

Mwalimu anayeanza kazi siku hizi huenda akakabidhiwa, pamoja na chaki na daftari la mahudhurio, ufunguo wa chumba cha kompyuta. Haupiti muda mrefu kabla mwalimu mkuu hajamwuliza swali ambalo halikuwamo katika mitihani yake ya chuo: je, tununue leseni ngapi za programu hii?

Swali hili si dogo. Shule ikinunua leseni nyingi kupita mahitaji yake, fedha zilizofaa kununulia madawati na vitabu hupotea bure. Ikinunua chache mno, kipindi hukatika katikati: watoto watano wanaendelea na kazi, na wa sita anatazama maneno ya kukataliwa katika kioo cha mashine yake. Na mwalimu akiamua kukwepa taabu hiyo kwa kunakili programu bila ruhusa, huwa amevunja sheria mbele ya watoto aliopewa awalee.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi leseni za pamoja zinavyofanya kazi, hasa pale zinapotumiwa na ofisi au shule zaidi ya moja, na jinsi mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kulifundisha jambo hilo kwa kamusi sita na saa moja ya ukutani.

Leseni ni nini?

Yafaa kwanza tutofautishe kitu na ruhusa. Anunuaye jembe hupata jembe lenyewe. Aweza kulitumia, kuliazimisha au kuliuza. Anunuaye programu ya kompyuta kwa kawaida hupata ruhusa ya kuitumia kwa masharti fulani. Ruhusa hiyo ndiyo leseni. Programu hulindwa na sheria kama yanavyolindwa maandishi. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, ulio miongoni mwa mikataba ya Shirika la Biashara Duniani, huzitaka nchi wanachama kuzilinda programu za kompyuta kama kazi za maandishi. Nchini Tanzania jambo hili limo katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na nchini Kenya limo katika Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Wahenga walikwisha kulisema kwa maneno machache: ukipewa shubiri, usichukue pima.

Leseni ziko za namna nyingi, lakini kwa madhumuni yetu tatu zatosha.

(a) Leseni ya mashine moja. Programu huruhusiwa katika kompyuta moja tu, awe nani aketiye mbele yake.

(b) Leseni ya mtu mmoja. Programu huruhusiwa kwa mtu aliyetajwa jina, hata akihama kutoka mashine moja hadi nyingine.

(c) Leseni ya pamoja. Programu yaweza kuwekwa katika mashine nyingi, lakini idadi ya wanaoitumia kwa wakati mmoja ina kikomo.

Namna hii ya tatu ndiyo inayowatatiza wengi. Haihesabu watu, wala haihesabu mashine. Huhesabu wale tu ambao wameifungua programu katika dakika ile ile. Mwanachuo akilishika neno hili moja, mengine yote yatamwia mepesi.

Jinsi leseni za pamoja zinavyogawiwa

Tuchukue mfano wa kabati la kamusi darasani. Darasa lina wanafunzi arobaini na kamusi tano. Kiranja anakaa karibu na kabati akiwa na daftari. Anayehitaji kamusi huenda kwake, huandikwa jina, hupewa kamusi, na akimaliza huirudisha na jina lake hukatwa. Wa sita akija kabla ya yeyote kurudisha, huambiwa arudi baadaye.

Katika mtandao wa kompyuta, kazi ya kiranja hufanywa na mashine iitwayo seva ya leseni. Mtumishi anapofungua programu, mashine yake hupeleka ombi kwa seva. Seva hutazama faili ya leseni, ambamo yameandikwa jina la programu, idadi iliyolipiwa, tarehe ya mwisho wa ruhusa na kitambulisho cha seva yenyewe. Ikiwa idadi haijajaa, seva humpa ruhusa na kuhesabu moja kuwa imetoka. Programu ikifungwa, ruhusa hurudi. Ikiwa zote zimetoka, ombi hukataliwa na habari ya kukataliwa huandikwa katika kumbukumbu. Mfumo mmojawapo uliotumika sana kwa kazi hii ni FLEXlm, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980, na ambao baadaye ulibadilishwa jina ukaitwa FlexNet.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: je, mashine ikizimika ghafula umeme ukikatika, ruhusa iliyokuwa mikononi mwake hupotea? La. Mashine yenye ruhusa huwasiliana na seva kila baada ya muda mfupi, mfano wa mtoto anayemwitikia kiranja kuwa bado anasoma. Mwitikio ukikoma, seva huihesabu ruhusa ile kuwa imerudi.

Kwa nini wastani hudanganya

Sasa turudi kwenye swali la mwalimu mkuu. Wengi hulijibu kwa kutafuta wastani. Tuseme ofisi moja ina watumishi wengi, na kwa kawaida wanne kati yao huwa wanahitaji programu fulani kwa wakati mmoja. Je, leseni tano zinatosha? Kwa mtazamo wa haraka zatosha, na moja inabaki. Lakini mahitaji ya watu hayaji kwa mstari kama askari wa gwaride. Mara wanakuja wawili, mara wanakuja saba.

Aliyelipatia jambo hili hesabu yake ni Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Mwaka 1917 alichapisha kanuni ya kukadiria ni simu ngapi zitakosa njia ikiwa idadi ya nyaya inajulikana. Leseni za pamoja hufanana na nyaya hizo. Tukidhani kwamba maombi huja bila mpango na kwamba anayekataliwa huenda zake, kanuni ya Erlang hutoa majibu haya kwa ofisi yenye wastani wa watumiaji 4:

Leseni 5: maombi kama 20 katika kila 100 hukataliwa.
Leseni 6: kama 12 katika kila 100.
Leseni 7: kama 6 katika kila 100.
Leseni 8: kama 3 katika kila 100.

Yaani ofisi inayotaka kukataliwa kuwe nadra lazima inunue leseni mara mbili ya wastani wake.

Faida ya kuunganisha ofisi

Hapa ndipo penye faida ya kushirikiana. Tuseme ofisi za namna hiyo ziko tatu, moja Dar es Salaam, moja Mwanza na moja Mbeya. Kila moja ikijinunulia leseni zake 8, jumla ni 24. Lakini zikiungana na kutumia seva moja, wastani wa zote huwa 12, na kanuni ile ile huonyesha kwamba leseni 18 tu zatosha kufanya maombi yanayokataliwa yawe chini ya 3 katika kila 100. Leseni sita zimeokolewa, na hakuna aliyeongezewa taabu. Sababu yake ni nyepesi: siku ambayo Mwanza wana kazi nyingi, huenda Mbeya wana kazi chache, na upungufu wa mmoja huzibwa na nafasi ya mwingine.

Faida huzidi pale ofisi zinapokuwa katika nchi ambazo saa zake hazilingani. Tuchukue kampuni yenye ofisi Tokyo, London na New York, kila moja ikifanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kwa saa za mahali pake, na kila moja ikihitaji leseni 20. Tukizipima kwa saa za Afrika Mashariki wakati wa majira ya baridi ya Ulaya, Tokyo hufanya kazi tangu saa tisa usiku hadi saa tano asubuhi. London tangu saa sita mchana hadi saa mbili usiku. New York tangu saa kumi na moja jioni hadi saa saba usiku. Tokyo haikutani na yeyote. London na New York hukutana kwa saa tatu tu. Kwa hiyo leseni 40 zaweza kufanya kazi ya leseni 60. Zoezi hili ni zuri sana kwa somo la Hisabati, maana mtoto huona kwamba kusoma saa za mahali mbalimbali si adhabu ya kitabuni.

Mkataba kwanza, hesabu baadaye

Hata hivyo, hesabu hizi zote ni bure ikiwa mkataba unakataza. Baadhi ya wauzaji huruhusu leseni za pamoja zitumike katika jengo moja tu, wengine katika nchi moja, na wengine popote duniani kwa bei ya juu zaidi. Kwa sababu hiyo anayeunganisha ofisi mbili bila kusoma masharti aweza kuvunja mkataba ingawa idadi ya watumiaji haikuzidi.

Kesi moja mashuhuri yatuonyesha jinsi idadi na masharti vinavyofungamana. Kampuni ya Oracle ya Marekani ilikuwa ikiuza leseni za programu zake kwa mafungu, kila fungu kwa watumiaji 25. Aliyehitaji watumiaji 27 alilazimika kununua mafungu mawili, yaani nafasi 50, na nafasi 23 zikabaki bila kazi. Kampuni ya UsedSoft ya Ujerumani ilifanya biashara ya kuuza leseni zilizokwisha kutumika. Shauri lilifika katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, nayo ilitoa hukumu tarehe 3 Julai 2012. Mahakama ilisema kwamba aliyelipia haki ya kutumia nakala ya programu bila kikomo cha muda aweza kuiuza tena, mradi nakala aliyo nayo aifanye isitumike tena. Lakini ilisema pia kwamba hana ruhusa ya kuligawa fungu na kuuza zile nafasi zilizomzidi. Aliye na nafasi 50 na watumiaji 27 hawezi kumega 23 akamwuzia jirani.

Hukumu hiyo inahusu nchi za Umoja wa Ulaya, si shule zetu. Lakini funzo lake kwa mnunuzi ni la kila mahali: uliza fungu ni la wangapi kabla hujatia sahihi.

Wajibu wa mtunza leseni

Penye ofisi nyingi pana ugomvi mwingi, na mtunza leseni ndiye mwamuzi. Zana alizo nazo ni hizi.

1. Kutenga. Aweza kuiambia seva iweke leseni kadhaa kando kwa ajili ya kundi fulani. Jambo hili litumike kwa uangalifu. Leseni iliyotengwa kwa Mbeya haimfai mtu wa Mwanza hata kama huko Mbeya kila mtu amekwenda nyumbani. Kila inayotengwa hupunguza ile faida ya kuungana tuliyoipigia hesabu.

2. Kuweka kikomo. Badala ya kutenga, aweza kusema kwamba ofisi moja isichukue zaidi ya idadi fulani. Hivyo ofisi kubwa haiwezi kuzifagia zote asubuhi.

3. Kurudisha zilizolala. Wapo wafunguao programu asubuhi na kuiacha wazi hadi jioni bila kuigusa. Ikiwa programu yenyewe inakubali, seva yaweza kuamriwa irudishe leseni isiyoguswa kwa muda uliowekwa.

4. Kuazimisha. Mtumishi aendaye safari mahali pasipo mtandao aweza kupewa leseni ya siku kadhaa. Leseni hiyo huhesabiwa kuwa imetoka mpaka siku zake ziishe, aitumie asiitumie. Siku ziwe chache.

5. Kujihadhari na ubovu. Seva moja ikiharibika, ofisi zote husimama. Kwa hiyo mifumo kama FLEXlm huruhusu seva tatu kushirikiana, na kazi huendelea maadamu mbili kati yake ni nzima.

6. Kusoma kumbukumbu. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kabla ya kununua leseni mpya, mtunzaji ahesabu ni maombi mangapi yalikataliwa, siku gani na saa ngapi. Ikiwa yote yamekataliwa Jumatatu asubuhi, dawa yaweza kuwa kubadili ratiba.

Andalio la somo

Somo hili lafaa madarasa ya juu ya shule ya msingi, na huhitaji kipindi kimoja cha dakika 40. Halihitaji kompyuta.

Madhumuni: Mwishoni mwa kipindi mwanafunzi aweze kueleza kwa nini vitu vichache vyaweza kuwatosha watu wengi, na ni wakati gani haviwezi.

Zana: Kamusi 6, mkebe wenye vikaratasi vya namba 1 hadi 10, daftari na saa.

Hatua ya kwanza (dakika 5). Chagua wanafunzi 30 na uwagawe katika ofisi tatu za watu kumi kumi. Waliobaki wawe waandishi na viranja. Kila mtoto achukue kikaratasi, asome namba, ainakili, kisha akirudishe mkebeni kabla ya mwenzake kuchukua. Kurudisha huku ni kwa lazima. Bila hivyo namba hazitakutana, na maisha hayaendi hivyo. Namba ile ndiyo dakika atakayohitaji kamusi.

Hatua ya pili (dakika 11). Kila ofisi ipewe kamusi mbili zake. Mwalimu atangaze dakika moja baada ya nyingine. Mwenye namba iliyotangazwa huenda kuchukua kamusi, huitumia kwa dakika mbili kutafuta neno alilopewa, kisha huirudisha. Anayekuta zote zimetoka huketi, na mwandishi hupiga mstari mmoja katika daftari.

Hatua ya tatu (dakika 11). Kamusi zote sita ziwekwe juu ya meza moja. Mchezo urudiwe kwa namba zile zile. Mistari ihesabiwe tena. Kwa kuwa namba hazikubadilika na kila mtu hukaa na kamusi kwa muda uleule, waliokosa hawatazidi wa awali, na mara nyingi watapungua.

Hatua ya nne (dakika 2). Mwalimu awaamuru wote thelathini wafuate kamusi kwa wakati mmoja. Sita watapata, 24 watakosa.

Hatua ya tano (dakika 11). Majadiliano. Mwalimu asiharakishe kutoa jibu. Aulize: Nani alifaidika kamusi zilipounganishwa? Kwa nini mara ya mwisho kuungana hakukusaidia kitu? Ingekuwaje kama mmoja angeificha kamusi chini ya dawati?

Hatua ya nne ina onyo kwa mwalimu mwenyewe. Darasa linaloamriwa kufungua programu kwa pamoja haliwezi kufaidi leseni za pamoja, kwa kuwa huhitaji leseni kwa kila mashine. Mwenye leseni chache lazima aligawe darasa katika makundi, moja likiwa kwenye mashine na mengine yakiwa na kazi ya maandishi. Shule mbili jirani zinazoshirikiana, ikiwa mkataba unaruhusu, zipange siku za zamu. Ratiba iliyobandikwa mlangoni huokoa fedha nyingi kuliko seva ya gharama.

Programu huria

Mwalimu akumbuke pia kwamba si kila kazi huhitaji leseni ya kulipia. Ziko programu huria, ambazo leseni zake humruhusu mtu kuzitumia, kuzinakili na kuwapa wengine bila kikomo cha idadi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za kazi za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Huo ni ushahidi kwamba programu huria zaweza kufanywa zisomeke kwa lugha ya watoto wetu. Kwa kazi ya kuandika barua na kupiga hesabu za kawaida, shule iulize kwanza kama iko programu huria itoshayo, ndipo ihesabu leseni za kununua. Lakini programu huria nazo zina leseni na masharti yake, na mwalimu ayasome.

Hitimisho

Basi, mwalimu mkuu akiuliza tununue leseni ngapi, mwalimu kijana asijibu kwa kutaja idadi ya wanafunzi, wala idadi ya mashine. Ajibu kwa maswali manne: Ni wangapi watakaoitumia kwa wakati mmoja? Mkataba waruhusu wapi? Kumbukumbu zasema wangapi walikataliwa? Na je, ratiba haiwezi kubadilishwa? Majibu yakipatikana, idadi ya kununua itajitokeza yenyewe, na mara nyingi itakuwa ndogo kuliko ilivyodhaniwa.

Zaidi ya hesabu, lipo jambo la tabia. Chombo cha wengi hudumu pale kila mmoja anapochukua kwa haki yake na kurudisha kwa wakati. Seva yaweza kumlazimisha mtu mzima kufanya hivyo, lakini mtoto aliyeizoea kamusi ya darasa hatahitaji kulazimishwa.